Uzinduzi wa Kituo cha Kupimia Tabia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, Mkurugenzi wenu. Mheshimiwa Naibu wangu, uliyekaa mbali kidogo kama itifaki inavyotaka. Mwalimu mkuu, wazazi, mafundi, na ninyi nyote mliosimama kwa kuwa viti ni vya waheshimiwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Leo tunazindua Kituo cha Kupimia Tabia, mradi wa kidijitali, shirikishi na endelevu, wenye stratejia, fremuweki na mimi. (Makofi.) Maana tabia ni nini? Neno hili mnalitumia ovyo! Mwananchi akichelewa, hiyo ni tabia. Mimi nikichelewa saa tatu, kama leo, hiyo ni changamoto ya kiratiba. (Vicheko.) Mlinzi akisinzia langoni, ana tabia, mkurugenzi akifumba macho kikaoni, anatafakari. Utafiti wetu unaonesha kuwa asilimia tisini na nane ya tabia iko kwa watu wa chini, na hizo mbili zilizobaki ziko kwa Naibu wangu. (Vicheko. Naibu anatafakari.)

Ndiyo maana tuliwazuia walimu wakuu wasiandike tena barua za tabia njema, ili tabia ipimwe kitaalamu. Naam, binti, sema. (Sauti: "Shikamoo mheshimiwa. Nimepata kazi ya uuguzi, barua hiyo naisubiri mwezi wa nane sasa. Mwisho wa kuipeleka ni leo saa nane mchana.") Marahaba, mwanangu. Miezi minane! Huo ndio uvumilivu, na kituo kitakupa alama zake zote. (Mama yake, mfagiaji wa ofisi yangu: "Alama atazila?") Mama, hiyo sasa ni tabia. (Makofi kwa mama.)

Tabia! (Njema!) Kipimo! (Kimoja!) Mkurugenzi! (Kimya.)

Kwa kumalizia, namshukuru mwalimu mkuu kwa kutuazima darasa hili hadi saa saba. Mchora mabango kwa kibao cha "Kituo", msikiegemee, rangi mbichi. Na dada wa kliniki kwa mizani ya watoto wachanga iliyo chini ya kitambaa. Kituo chenyewe kikipata kiwanja, nitawaita. Hata waraka wa kuwazuia walimu wakuu haujatiwa saini, maana ungetaja kituo, na kituo hakipo... (Kelele. Mwalimu mkuu ameinama kwenye dawati.) Mwalimu, unaandika nini? ("Barua ya binti. Nimemfundisha miaka saba, namjua.") Haya, mwanangu, kimbia! (Binti mlangoni, mama nyuma yake, darasa zima nyuma ya mama.) Ndugu wananchi, bado picha ya pamoja! (Naibu naye ametoka.) Mwalimu wangu, basi na mimi niandikie moja. ("Wewe pia nilikufundisha, mheshimiwa. Tuyaache.")