Mgeni Mpole Ajiunga na Mradi

Jumatatu, 3 Machi

Nashukuru. Kabla ya yote, nashukuru. Kiongozi wa mradi amenikabidhi wanagenzi! Mimi, ambaye mwaka mzima kazi yangu katika programu yetu huria ya maktaba ilikuwa kubadilisha rangi za vitufe. Niwafungulie akaunti zote: barua pepe ya mradi, hazina ya msimbo, ubao wa kazi, ukumbi wa mazungumzo. Mialiko imeshatumwa kwa watu wengi. Nafasi za mfadhili ni tatu. Watatu wa kwanza kukamilisha akaunti zao ndio watakaoanza mafunzo wiki ijayo.

Nikifanya vizuri nitaitwa mratibu. Nikiharibu, kazi inakwenda kwa Bi Nukta. Huyu ndiye mwandishi wetu wa maelekezo, na hajapata kuiona sentensi yangu akaiacha salama. Leo kanikumbusha kwamba wageni waulize maswali ukumbini, mbele ya wote, wasinifuate pembeni. Ndiyo desturi ya mradi, ili jibu la mmoja liwafae na wengine. Najua, Bi Nukta. Asante, Bi Nukta.

Jumanne, 4 Machi

Ukumbi wa wanagenzi kimya kama darasa siku za likizo. Mmoja kajiunga, kasalimia, kaingia mitini. Wa pili kajiunga, hata salamu hakutoa. Kiongozi akichungulia ataona nini? Mratibu asiye na wa kumratibu.

Bahati nzuri ninayo akaunti ya majaribio. Niliifungua kuhakikisha mialiko inafika. Lakabu yake: Mgeni Mpole. Huku kwetu kila mtu anatumia lakabu, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake kwa macho, kwa hiyo sioni kosa lolote kubwa hapa. Mgeni Mpole kauliza namna ya kubadili nenosiri. Nimemjibu kabla swali halijapoa. Kashukuru sana, kasema hajapata kuona mlezi hodari kama mimi. Kiongozi naye kaandika kwamba hajapata kuona mlezi mwepesi hivi.

Nimemsomea mama watoto. Kasema niangalie, kichwa kikizidi kuvimba hakitapita mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Mgeni Mpole ana maendeleo ya kupendeza. Leo kauliza maswali mengi, yote nayajua.

Bi Nukta kamwandikia makaribisho marefu. Asiogope kukosea. Apumzishe macho kila baada ya muda. Akikwama aseme, watu wapo. Nimeyasoma mara mbili. Mimi hajawahi kunikumbusha habari za macho yangu. Hata hivyo nimeyapumzisha, na kweli yamepata nafuu.

Mchana kanipigia mwanagenzi mwingine, fundi cherehani. Simu yake ya zamani imekufa, na namba za kuthibitisha akaunti zinatumwa hukohuko. Mama huyu kajifundisha kuandika msimbo kati ya nguo moja na nyingine. Wateja wake wote kesha kuwakabidhi kwa jirani, kwa ajili ya mafunzo haya. Tumehangaika na akaunti yake hadi ikafunguka. Kaniita kaka mlezi. Kaniombea heri mimi, mke wangu na vidole vyangu. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Kiongozi katangaza kwamba nafasi zimejaa: yule wa salamu, yule asiye na salamu, na Mgeni Mpole. Fundi cherehani ni wa nne, kachelewa. Kesho jioni majina yanakwenda kwa mfadhili. Kaniagiza nimwombe radhi mama wa watu, kwa kuwa mimi nina lugha laini.

Mama yule hana wateja tena, mafunzo nayo hana, na nafasi yake kaikalia mtu ambaye ni mimi. Njia ziko mbili. Niseme ukweli, nichekwe na mradi mzima. Au Mgeni Mpole ajiuzulu. Ajiuzulu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimeandika ujumbe wa kuaga, mzuri wa kutoa machozi. Naacha mafunzo kwa sababu za kifamilia. Nitamkumbuka daima mlezi wangu, mtu mwerevu, mwenye subira, tena mwenye sauti ya kutuliza. Nimeutuma ukumbini.

Nimeutuma kwa akaunti yangu.

Sikuwa nimetoka kwenye moja na kuingia kwenye nyingine. Kiongozi kanikubalia papo hapo. Kanishukuru kwa utumishi wangu, kaitakia familia yangu utulivu, kazi kaikabidhi kwa Bi Nukta. Watu wakamiminika kuniaga. Yule asiye na salamu kaweka ua. Mama watoto kauliza nalia nini. Nikasema vitunguu. Sikuwa jikoni.

Na fundi bado yuko nje! Hilo ndilo lililonichoma kuliko maua yote. Nikampigia Bi Nukta, nikamwaga kila kitu, nikamwambia mimi anifukuze tu, mama wa watu arudishiwe nafasi yake.

Bi Nukta kacheka hadi kakohoa. Kumbe kajua tangu juzi. Kasema hakuna mgeni duniani anayemsifu mlezi kiasi kile kwa kubadilishiwa nenosiri. Alidhani nitaifuta akaunti ile mwenyewe, hakujua kwamba kiongozi ataihesabu. Halafu kasema maneno ya macho alikuwa ananiambia mimi, maana naonekana mtandaoni saa zote.

Kafuta akaunti. Kamwandikia kiongozi kwamba ya majaribio ilihesabiwa kimakosa, na ule ujumbe wa kuaga nao ulikuwa jaribio. Fundi kapata nafasi. Mimi nimerudi, msaidizi wa Bi Nukta. Nampenda yule mama kama shangazi yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Wanagenzi wameanza. Fundi cherehani kauliza swali lake la kwanza ukumbini, mbele ya wote, na wawili wenzake wamejifunza hapohapo. Kisha kanitaja kwa lakabu yangu, kanishukuru. Nimekaa nikitazama kioo cha kompyuta, nimejaa shukrani.

Ila shukrani za moyoni hazionekani. Mradi una heshima ya mchangiaji wa mwezi, hupewa mwenye kura nyingi. Kura yangu nimempigia Bi Nukta. Bado kapitwa kwa kura moja na jamaa mmoja anayetafsiri programu yetu, mtu ambaye hajawahi kujali macho ya mtu. Si haki hata kidogo.

Nimefungua akaunti mbili tu. Zimepiga kura, zimemsifu Bi Nukta kwa adabu, moja imenitaja na mimi kidogo. Kiongozi kawakaribisha wageni wote wawili kwa furaha, kauliza kama wangependa nafasi za mafunzo zijazo.

Wamekubali.