Mabingobingo Yampite Amoding Kichwa

Jumatatu, 4 Februari 1974
Petroli imeadimika, kuni nazo zimepanda bei. Wote wanalia, isipokuwa mimi. Nina mabingobingo, yale majani ya tembo! Unakata, yanachipua tena. Kuni zinazojiotesha! Dauda, mwenye tanuri la mkate pale Busia, amekubali kuyajaribu yakishakauka.

Tatizo ni dogo. Niliyapanda Novemba mahali pa muhogo wa mke wangu, Amoding, akiwa matangani kwao Amagoro. Leo ametoa masharti: ikifika tarehe tisa Machi hayajampita kichwa, kaka yake Ikapel analeta maksai na plau, anayalima yote, nami naomba radhi mbele ya wakwe. Wakwe! Kwa umri wangu!

Yamefika gotini. Amoding ni mrefu.

Jumatano, 6 Februari
Nimegawa shamba kisayansi, ploti nne. Ya kwanza maji. Ya pili mbolea ya dukani. Ya tatu vyote viwili. Ya nne, ile kona ya juu yenye udongo mweusi wa kipuuzi, haipati kitu. Ni ya kulinganisha tu.

Nimebeba madebe kumi na manane toka mtoni. Amoding akapita, akaniuliza, mzee, majani yako yanataka na sukari?

Alhamisi, 14 Februari
Gunia linasema kijiko kimoja kila shina. Ubahili! Nilitia kata nzima, nikashindilia. Ploti ya pili imeungua kama imepigwa pasi.

Jumapili, 24 Februari
Ploti ya kwanza namwagilia asubuhi, mchana, jioni. Imekuwa manjano. Vyura wamehamia, wana furaha sana. Ya tatu imeungua na kuzama pamoja. Ya nne sijaikanyaga tangu nigawe shamba. Ya nini? Haina kitu.

Alhamisi, 7 Machi
Mgongo umekufa. Machache yaliyopona ploti ya tatu yananifika kiunoni. Nimechimba shimo katikati yake, pa kumsimamisha Amoding siku ya kupima. Sioni ubaya.

Jumamosi, 9 Machi
Ikapel kafika na maksai. Akaliona shimo, akavua kofia, akaniuliza kwa upole, shemeji, nani ametutoka?

Amoding akakagua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaanza kutunga maneno ya radhi. Kugeuka, simwoni! Nikaita. Sauti ikatoka kona ya juu: niko huku, mzee, na sioni njia! Hata kilemba hakikuonekana. Akainua mkono, ndipo tukaona vidole viwili.

Nilikaa shimoni mwangu nikacheka mpaka machozi. Ikapel akawafungua maksai, tukanywa chai. Hakuna radhi! Amoding akamimina, akanikumbusha kwamba kona ile ilikuwa boma la ng'ombe wa baba yangu, samadi ya miaka ishirini. Angeniambia mapema, kama ningemuuliza. Halafu akaeleza habari ya maji kidogo na mbolea kidogo, lakini chai ilikuwa tamu mno.

Ploti tatu zinarudi kwenye muhogo. Nimekubali haraka.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kanisani. Ushahidi uko wazi: iliyonyimwa kila kitu ndiyo iliyoshinda. Siri ni kuyanyima!

Jumanne Amoding anakwenda Amagoro, ubatizo wa mtoto wa Ikapel. Siku tatu. Nimepita kuangalia viazi vyake vitamu kule kando ya mto. Mahali pazuri sana. Pamekaa bure.