Wallahi Niliyoiuza Pamoja na Kibanio cha Pua

Wanabarza, leo nimeadhirika. Si ile ya kuteleza sokoni ukainuka ukajipangusa, la. Nimeadhirika mbele ya wakwe. Na hata hilo neno "wakwe" nnaliandika kwa kujipa moyo tu.

Nianze asubuhi. Nipo kibandani kwangu Darajani, nnafungua simu ya mtu iliyoingia maji, mara Ami Suleiman akanipigia. Ami ni mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyepeleka barua yangu ya posa kwa Mzee Hilali wa Kiponda. Nimemposa bintiye, Zuleikha. Wiki mbili tunangoja jawabu. Wiki mbili chakula hakipiti.

"Nassor, wametuita. Leo, baada ya laasiri."

"Wamekubali, Ami?"

"Sijui. Lakini wamesema, na mwenyewe aje."

Na mwenyewe aje! Kwetu mnajua nyote. Posa ni ya wazee, mwanamme anakaa kwao anauma kucha mpaka aletewe habari. Nani umemsikia ameitwa mwenyewe? Mimi nikasema basi, hii ni heshima. Wamenipenda mpaka hawawezi kungoja harusi wanione! Nikamwambia mwenye simu ya maji arudi kesho, nikafunga kibanda, nikarudi Jang'ombe nnapiga mluzi.

Kanzu nikaipiga pasi mara tatu. Udi nikajifukiza mpaka paka wa jirani akapiga chafya. (Huyo paka ndiye mwenye akili peke yake katika kisa hiki. Alitoka mbio.)

Tukaenda kwa miguu, mimi na Ami, yeye na bakora yake. Njiani akanipa wasia.

"Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, meza mate."

"Naam, Ami."

"Na wakikuuliza kazi?"

Hapo kifua kikanipanda. Nikamwambia, Ami, mimi si fundi simu tu. Mimi nna biashara ya mtandaoni. Akataka kujua ni biashara gani hiyo. Nikamweleza: kuna kampuni huko nje inauza vitu kwa intaneti. Mimi nnavipigia debe kwa Kiswahili katika ukurasa wangu. Mtu akibofya kwangu akenda akanunua, kampuni inanikatia kamisheni.

"Unauza nini hasa?"

"Kwa sasa kibanio cha pua. Cha kuzuia kukoroma. Unakibana puani ukilala."

"Na umekiona?"

"Nimeona picha yake."

"Ah," akasema Ami. "Wewe dalali wa ng'ombe aliye baharini."

Nikacheka. Nikamwambia wateja wapo, tena mwezi uliopita tu mtu kanunua. (Sikumwambia kuwa huyo mtu ndiye mteja wangu wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Siku ile nilinunulia kibanda kizima juisi ya miwa.)

Tukafika Kiponda. Mlango ukafunguliwa, tukapandishwa juu, tukakaribishwa. Halwa ipo, kahawa ipo. Pembeni, karibu na pazia la mlango wa ndani, kakaa Bi Rukia, dada yake Mzee Hilali, yaani shangazi yake Zuleikha. Na nyuma ya pazia, nikaona ncha za vidole vya mguu vyenye hina. Moyo ukanilipuka! Yupo! Anasikiliza!

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Marahaba kavu. Haina "mwanangu", haina "karibu baba". Nikamtazama usoni, nikaona kitu cha ajabu. Mzee Hilali, mtu mzima, ndevu nyeupe, kilemba kimekaa sawasawa, na juu ya pua ana plasta. Huku na huku ya plasta, wekundu.

Wasia wa Ami ulikuwa nini? Usipoulizwa, meza mate. Mimi mate nikayatema.

"Pole, Mzee. Umegongwa na nini puani?"

Bi Rukia akakohoa. Mzee Hilali akaigusa ile plasta kwa ncha ya kidole.

"Kuna mtu kanigonga," akasema.

"Lo! Wamemkamata?"

"Ndiyo kwanza kaingia."

Nikageuka kutazama mlangoni. (Naapa... hapana, siapi tena. Niaminini tu kwamba niligeuka nikatazama mlangoni!)

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akampa Ami. "Bwana Suleiman, wewe ndiye uliyetusomea barua ya posa. Tusomee na hii."

Ami akavaa miwani, akaikunjua. Ami ni mtu wa adabu zake, akaanza na Bismillahi. Kisha akasoma kwa sauti ileile ya barua ya posa, polepole, kila neno na heshima yake:

"Mimi ni Nassor, mkaazi wa Unguja. Nina mke na watoto watatu."

Jamani.

Ami akasita. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Watoto walikuwa bado watatu. Akaendelea:

"Kwa miaka minane mke wangu alikuwa akilala ukumbini kwa sababu ya kukoroma kwangu. Tangu nianze kutumia kibanio hiki, mke wangu amerudi chumbani, na mapenzi yetu yamerudi upya. Wallahi nimekitumia mwenyewe."

Na chini yake, picha. Mimi. Picha yangu ya kitambulisho, macho nimeyakodoa kama samaki wa barafuni.

Acheni nijitetee kidogo. Kampuni inawapa mawakala wake maneno ya mfano kwa lugha yao, unayageuza kwa lugha yako. Mfano ule ulikuwa na mke na watoto watatu. Mimi nikaufasiri kama ulivyo. Ila nilipomaliza nikausoma, nikaona umepoa, hauna chumvi. Sisi mtu akikwambia kitu, kama hakuapa unakiacha hapohapo. Basi chumvi nikaitia mwenyewe. Ile wallahi haikuwemo katika mfano. Ile ni yangu.

"Nassor," akasema Ami, na sauti yake imekuwa ndogo. "Huyu nani?"

"Mimi, Ami."

Bi Rukia hakungoja. "Mke wako umemweka wapi? Jang'ombe au shamba?"

"Sina mke, Bi Rukia!"

"Miaka minane! Una miaka ishirini na sita. Kwani uliolea skuli?"

"Sina mke, haki ya..." Nikajizuia. Kiapo kimoja kilikuwa kinanitosha.

Ami akageuka akanikabili. Huyu ni mtu aliyeingia nyumba ile na mvi zake, akakaa juu ya mkeka ule, akasema kijana wetu hana mke, hana mtoto, hana dosari. Niliona vibaya, wenzangu. Kwa mara ya kwanza nikaona vibaya kweli, si kwa ajili yangu.

Mzee Hilali akasema taratibu, "Mambo mawili. Ama una mke umetuficha, ama huna na umeapa uongo. Chagua moja."

Nikafikiri. Na kwa kuwa leo nasema yote, nitawaambieni nilichofikiri. Nilifikiri niseme mke wangu alifariki. Ndiyo! Mke ambaye hajazaliwa, mimi nimzike! Nikaanza hata kumtafutia jina na maradhi. Kisha nikakumbuka wale watoto watatu, nikaona siwezi kumaliza familia nzima alasiri moja.

"Sina mke, Mzee. Nimesema uongo."

"Na hao watoto?"

"Nilifasiri tu."

"Ulifasiri watoto?" akauliza Bi Rukia.

"Na kibanio," akasema Mzee, "ulikitumia?"

"Hata kukishika sijapata."

Mzee akatia mkono mfuko wa pili. Akakitoa. Akakiweka juu ya sinia, baina ya halwa na kahawa. Kidogo, cheupe, cha plastiki, kimekamata kama kaa. Ndiyo kwanza leo naiona bidhaa yangu ana kwa ana. Wenzangu, ni kibanio cha kuanikia nguo kilichopunguzwa!

"Mwanangu yupo Maskati," akasema Mzee Hilali. "Mama yake anamlalamikia kwamba mimi nakoroma. Akatafuta katika mitambo yake, akakuta vibanio vya kila aina, vyenye picha za Wazungu wanaocheka. Hakununua. Kisha akakuona wewe. Akanipigia simu, 'Baba, kuna mtu wa kwetu, wa Unguja hapo hapo, ameapa.' Nikamwambia basi chukua hicho. Mimi sikununua plastiki, kijana. Mimi nilinunua ile wallahi yako."

Nikainama. Mteja wangu! Juisi yote ile ya miwa!

"Siku tano nimelala nimebanwa kama shuka kambani," akaendelea. "Siku ya tano nikaamka na kidonda, nikataka niletewe maneno ya muuzaji, kumbe jina ni la mposaji wetu. Na nakoroma vilevile, ila sasa kwa mdomo."

Sasa Ami, masikini, heshima yake imo siniani pale pamoja na kibanio, akaona lazima aniokoe. Akasimama. Akapiga bakora chini.

"Mzee Hilali! Kijana wangu mwongo, nimekubali. Nitamtia adabu mimi mwenyewe. Lakini mke hana! Mtu huyu awe na mke wapi? Nani angekaa naye miaka minane? Anakoroma huyu! Anakoroma mpaka mabati yanaitika! Jang'ombe nzima inajua, kaulizeni! Muadhini wetu anasema hana haja ya saa, Nassor akinyamaza ndiyo alfajiri imekaribia!"

"Ami..."

"Nyamaza! Nnakutetea!"

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Akajiziba mdomo, kicheko kikatokea puani. Vile vidole vya hina vikakunjana. Nilitamani sakafu ifunguke.

Hata Mzee Hilali nikaona plasta inamcheza. "Kwa hiyo katika karatasi nzima," akasema, "la kweli ni kukoroma."

"Hilo tu, Mzee," nikasema.

Akatoa hukumu. Kwanza, ule ukurasa niufute. Kisha niandike kwa jina langu, mahali watu wanaponijua, yote kama yalivyokuwa, nisijipambe. (Ndiyo hii mnayoisoma. Mlidhani nnawachekesha kwa hiari yangu?) Na kafara ya kiapo: nilishe masikini kumi, nikishindwa nifunge siku tatu. Na nisiape tena juu ya kitu cha kuuza, hata kiwe embe nililolichuma kwa mkono wangu.

"Na posa, Mzee?" akauliza Ami. Kwa upole. Bakora ishalala.

"Aulizwe mwenyewe. Yeye ndiye atakayelala naye chumba kimoja na mngurumo huo. Rukia, muulize."

Mnajua tena. Kwetu mwari akiulizwa hapigi kelele ndiyo. Ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Bi Rukia akainua ncha ya pazia, akasema kwa sauti tuisikie sote, "Zuleikha, umeyasikia yote. Mtu huyu unamtaka, humtaki?"

Tukanyamaza wote. Mimi sijapata kukipenda kimya namna ile. Nikawa nakihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Ami kafumba macho, midomo inamtikisika. Nne. Tano. Nikaanza kutabasamu.

"Khrrrrrrr," likasema pazia.

Kitambo kidogo. Kisha tena, na mluzi mwishoni: "Khrrrrrrr-fiii."

Msichana anakoroma! Anakoroma makusudi, mchana kweupe, mbele ya baba yake!

"Hakusema la," akasema Ami haraka.

"Wala hakunyamaza," akasema Mzee Hilali.

"Aliyelala hana jawabu," akasema Bi Rukia, na machozi ya kicheko yanamtoka.

"Hajalala huyo!" akasema Ami. "Amekubali kwa lugha ya mumewe!"

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi hakuna aliyeniuliza, na safari hii mate niliyameza. Mwisho wakaafikiana kwamba hawana elimu ya jambo hili. Kesho baada ya alfajiri Ami na Mzee Hilali watakwenda kwa sheikh kumuuliza, je, kukoroma kwa mwari ni ridhaa au si ridhaa?

Basi, ukurasa nshaufuta. Masikini kumi ni wengi kwa mfuko wangu, kwa hiyo kesho nnaanza kufunga. Nyinyi nawaombeni jambo moja tu: msicheke. Nnawajua kwa majina, na atakayecheka, siku ya biriani hana sahani.