Otso Yuko Nyuma Yako

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeliwa tena. Mara hii na mbwa mwitu, mchana kweupe, nikiwa nakunja hema. Ni kwenye kompyuta tu, katika mchezo wa kuwinda mtandaoni, namshukuru Mungu, lakini aibu ni ileile. Hilkka alilisikia yowe langu kwenye hedifoni. Akauliza kama nimekanyaga paka.

Halafu akatoa tangazo. Mashindano ya kuwinda wawili wawili yanaanza mwezi ujao. Watakaofanya vizuri wataalikwa chakula cha jioni mjini Oulu, mezani, ana kwa ana. Sasa anatafuta mwenzake. Ni mimi au Otso Räihä, daktari wa meno. Atakayefika Jumapili bila kuliwa, huyo ndiye.

Mezani na Hilkka! Tangu waifunge maktaba ya kijiji chetu, alikokuwa akifanya kazi, naye akahamia Oulu kwa dada yake, sijamwona uso. Namsikia tu. Zamani nilikuwa naazima vitabu vya ufugaji nyuki kila wiki. Sina nyuki. Hakuwahi kuniuliza chochote, alikuwa ananigongea muhuri na kunitakia asali njema.

Lazima nisiliwe.

Jumanne, 7 Oktoba

Mbinu ya kwanza: jiwe. Nimegundua mbwa mwitu wa mchezo huu hawajui kupanda mawe. Jiwe refu, mimi juu, wao chini. Nani atanila? Nilipanda nikakaa kama mfalme.

Tabu ni kwamba hawakuondoka. Walizunguka, wakalala, wakaamka, wakazunguka tena. Hilkka na Otso wakaenda kumfuata kulungu ng'ambo ya bonde. Nikawasikia wanacheka. Hilkka akasema Otso ana shabaha jamani, si mchezo. Nikasema kwa sauti kwamba mimi nipo juu ya jiwe na sijaliwa. Hilkka akajibu hongera, Taisto, kaa hapohapo.

Nikakaa. Mvua ikanyesha kwenye mchezo na dirishani pia. Sijawahi kumkosa mtu kama nilivyomkosa Hilkka juu ya lile jiwe, na alikuwa sikioni mwangu.

Dada yangu Kerttu akaja na mashine ya kufyonza vumbi. Akatazama skrini, akauliza na huyo dubu kule nyuma anataka nini. Nilimrukia nimzibe mdomo! Nyumba hii yule hatajwi kwa jina lake. Bibi alitulea hivyo: ukimtaja anasikia, na akisikia anakuja. Sisi tunamwita Mzee, au Kiganja cha Asali, na akiwa karibu kabisa tunamwita Otso. Ndiyo. Otso, kama daktari wa meno. Wazazi huku hupenda kuwapa watoto wa kiume jina hilo ili wawe na nguvu. Bahati yangu hiyo.

Kerttu akasema dubu wa kompyuta hana masikio. Kisha akachomoa plagi yangu, akachomeka mashine yake. Nikapoteza jiwe.

Jumatano, 8 Oktoba

Mbinu ya pili. Si lazima mimi nipone sana. Inatosha Otso aliwe.

Nimenunua filimbi ya mchezoni inayolia kama sungura aliyejeruhiwa. Ukiipuliza, kila chenye meno kinakuja mbio. Nikajibanza kichakani karibu na hema la Otso. Nikapuliza. Nikapuliza tena, kwa hisia. Nilijisifu moyoni, maana hata mimi nilimhurumia huyo sungura.

Wakaja. Ila kwa nini wamwendee Otso aliyekaa kimya hemani, na sungura yuko kichakani anapuliza? Hili sikuliwaza.

Hilkka alikuwa ameshatufundisha: ukivamiwa usikimbie, mtazame mnyama machoni, rudi kinyumenyume polepole, tafuta nafasi ya kupiga risasi. Mimi nilikimbia. Nikang'atwa mguu, skrini ikawa nyekundu. Katika mchezo huu ukijeruhiwa kuna muda mfupi wa kufungwa bendeji, la sivyo ndiyo umeshaliwa. Nikafumba macho.

Nani alikuja? Otso. Aliwapiga mbwa mwitu wote, akanifunga bendeji, akasema pole sana ndugu yangu, ningekuja mapema ila nilidhani ni sungura. Akanipa na supu kutoka kwenye mkoba wake. Supu ya kompyuta! Hilkka akasema huyo ndiye mwanamume.

Sijaliwa, kwa hesabu. Lakini ningependelea kuliwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Supu ya njegere na chapati za jamu, kama kila Alhamisi. Nilipokuwa nakula wazo likanijia. Shida yangu si mikono wala macho. Ni miguu. Miguu yangu inakimbia bila kuniuliza.

Nikamwomba Kerttu avae koti la manyoya la marehemu mama, ajifiche nyuma ya banda la kuni, kisha anivamie. Mimi nitasimama. Nitamtazama machoni. Nitarudi kinyumenyume. Kerttu akasema ana umri wa kukaa na kufuma soksi, na goti lake linauma, na kama ningetumia akili hii kwa Hilkka mwenyewe tangu zamani ningekuwa na wajukuu. Lakini akavaa. Nadhani lilimpendeza.

Akatoka nyuma ya kuni akinguruma. Mungu wangu, ile sauti! Sikujua dada yangu anayo. Nilijikuta upande wa pili wa uzio, katika viazi vya jirani, na kiatu kimoja. Mtu wa posta alikuwa anapita na baiskeli. Akatusalimia kwa heshima, akapiga kengele, akaenda zake.

Kerttu amekataa kuvua koti. Amekaa nalo jikoni anakunywa kahawa.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku yenyewe. Na muujiza! Otso ametuma ujumbe kwamba atachelewa. Amekwenda kuwinda msituni, kwa bunduki ya kweli, mtu asiye na haya.

Basi tukawa wawili. Mimi na Hilkka, katikati ya misonobari, jua la mchana, theluji kidogo. Tulitembea tu. Wala hatukupiga kitu. Akaniambia dirisha lake la Oulu linatazama maegesho ya magari. Akasema anakumbuka ziwa letu lilivyokuwa likinyamaza kabla ya kuganda. Akasema, Taisto, kuna vitu mtu anahama navyo na kuna vitu vinabaki, na yeye hajui kama aliacha kitu huko au alijidhania tu.

Moyo wangu ulikuwa unagonga hadi mezani. Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa limefika ulimini kabisa! Nikamwambia upepo unatoka kaskazini-magharibi.

Kisha akasema ni kweli, unatoka huko.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee. Mkubwa kama banda. Alikuwa anakuja taratibu nyuma ya Hilkka, pua chini, na Hilkka ameinama anakagua nyayo. Sekunde moja ya kumwokoa! Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

“Hilkka! Otso yuko nyuma yako!”

Na Hilkka akafurahi. Nilimsikia. Sauti yake ilipanda, ikachangamka kama ya msichana. Akasema, “Amekuja? Yuko wapi? Jamani, Otso, nimekungoja mpaka basi!”

Akageuka amkaribishe.

Sitaki kuandika yaliyofuata. Mzee hakuwahi kukaribishwa hivyo maishani mwake. Alimmaliza Hilkka kwa pigo moja, akanigeukia mimi. Ningeweza kumtazama machoni. Ningeweza kurudi kinyumenyume. Lakini nilikuwa bado naisikia ile sauti, jinsi ilivyochangamka kwa jina la mwingine, na sikuona sababu ya kurudi popote. Kisha miguu ikakimbia hata hivyo. Nikaliwa nikiwa nimempa mgongo.

Hilkka akauliza huku akicheka kwa nini sikusema dubu kama watu wote. Nikamwambia nyumbani kwetu hatusemi. Akaniuliza kuna mambo mangapi mengine ambayo nyumbani kwetu hatusemi. Nikamjibu kwamba mtandao unakatika, nikazima.

Kerttu ameniwashia sauna, chumba chetu cha mvuke, bila kuombwa. Nimekaa humo mpaka mawe yamepoa. Namtaka Hilkka. Nimeliandika, basi, hapa hakuna anayesoma.

Jumanne, 14 Oktoba

Hilkka amepiga simu! Si kwenye mchezo. Simu ya kawaida, ya mezani. Kerttu akaipokea, akanipa, kisha akaganda palepale mlangoni kama ukuta.

Akasema kwanza nisifikirie visivyo: Otso ndiye aliyekuwa amebeba bendeji zote, ndiyo maana alimngoja kwa hamu vile. Otso ni mtu mwema, akasema, lakini anazungumza juu ya fizi mfululizo. Nilicheka sana. Nilihisi nimeshushwa mzigo wa kuni mgongoni.

Kisha akasema Jumamosi anakwenda Kuopio kwa binamu yake na atabadilisha treni Kajaani. Ana saa nzima ya kukaa stesheni bila kazi. Kahawa yao si mbaya. Akasema hayo mashindano hayana maana sana, ila kama mtu angekuwa karibu na Kajaani Jumamosi, yeye atakuwa amekaa kwenye meza ya dirishani.

Nikamshukuru kwa habari. Nikamwomba nafasi ya pili: Jumapili hii, msitu uleule, mimi na Mzee. Nisipoliwa, mimi ndiye mwenzake wa mashindano, na twende wote Oulu mezani. Akaniuliza, na Jumamosi je? Nikamwambia Jumamosi haiwezekani kabisa. Nina mazoezi.

Akasema sawa, Taisto. Kwa sauti ndogo. Naona bidii yangu imemgusa.

Kerttu amenifokea hadi chumbani. Ati basi la Kajaani linapita mlangoni petu, ati mimi ni gogo, ati mama angekuwa hai angenichapa. Nikamweleza polepole, maana wanawake hawaelewi mambo ya mipango. Nikienda kunywa kahawa Jumamosi, nitafanya mazoezi saa ngapi? Nisipofanya mazoezi, Jumapili nitaliwa. Na nikiliwa, nitamwona Hilkka lini?