Ukoo wa Tarehe Moja Januari

Hajazaliwa mtu wa kumtapeli Aimable, na siku akizaliwa, Aimable ndiye atakayemwandikia tarehe ya kuzaliwa. Maneno hayo aliyatamka mwenyewe, mbele ya mashahidi, wakati wa mapumziko katika ghala moja pale Euless, Texas, karibu na uwanja wa ndege, huku akila wali wa mtu mwingine.

Aimable alikuwa na karibu kila kitu ambacho mwanamume anahitaji ili aoe: ulimi, koti la kitambaa kizuri, na Merveille, ambaye hakuwa amekataa. Alichokosa ni gari. Na baba yake Merveille, Papa Wilondja, alikuwa ameshatoa hukumu pale sebuleni kwake.

"Mutoto yangu hataolewa na mutu wa lifti."

Hukumu nzito, lakini ya haki. Texas mtu asiye na gari ni mzigo. Alfajiri yote anapigia wenzake simu kuwauliza kama wameshatoka, na akipewa kiti anakuwa mtu wa kucheka vichekesho vya dereva hata visivyochekesha.

Sasa akatokea dalali mmoja, kijana mnyenyekevu mwenye sura ya kupendeza, ambaye jina lake halitatusaidia. Dalali huyu alimletea Aimable habari za Ridhwan, Mmombasa anayekaa Pearland, kule kusini mwa Houston, mwenye yadi ya magari yaliyotumika. Ridhwan alikuwa na nyumba, alikuwa na kontena zikielekea Mombasa kila mara, na bado hakulala usingizi. Alitaka pasipoti ya Ireland.

Usicheke. Pasipoti ile hupewa mtu ambaye babu yake alizaliwa kule, mradi alete karatasi. Kwao akina Ridhwan ilisemwa tangu zamani kwamba babu mzaa mama alikuwa mzungu wa Ireland, fundi wa reli, akiitwa Bwana Makini. Babu alikuwepo. Karatasi ndizo hazikuwepo.

"Miye niko fundi wa mababu," alisema Aimable, na kwa upande mmoja hakudanganya. Kwa miaka, tangu akimbie Uvira kule Kongo, katika kambi ya wakimbizi alikuwa akiitwa kwenye meza hii na ile kuulizwa babu yako ni nani, babu ya babu yako ni nani, alikufa wapi, hadi akaweza kuzungumzia marehemu bila kupepesa jicho.

Walikwenda Pearland pamoja, yeye na dalali, kwa basi. Ridhwan aliwapokea kwa kahawa na halua.

"Jina la babu, Papa?" aliuliza Aimable, kalamu mkononi.

"Bwana Makini."

Aimable akafumba macho kama anayesikiliza redio ya mbali. "Sema pole pole."

"Ma-ki-ni."

"McKinney."

Ridhwan akaweka kikombe chini. "Wallahi?"

"Bazungu waliandika McKinney, batu ya Mombasa bakasikia Makini. Na unaona hapo karibu na sisi Dallas, kuko muji muzima unaitwa McKinney. Familia yako imejaa Texas tangu zamani, Papa. Ni vile tu hawakupigii simu."

"Na huo mji," alisema Ridhwan, akisogea mbele kwenye kiti, "una ardhi yetu?"

"Bon. Tuanze kwanza na karatasi."

"N'lijua mimi. Hebu tazama masharubu haya juani. Mekundu."

"Hiyo ni hina," sauti ya mkewe, Bimdogo, ilitoka jikoni.

Wakapatana. Aimable alete ukoo mzima, naye apewe Corolla nyeupe iliyokuwa ya mwalimu mstaafu, gari ambalo halijawahi hata kukohoa. Dalali aliambiwa atafikiriwa, neno ambalo kwa wenye magari huwa na maana ya asante.

Kazi ikaanza. Sensa ya Ireland ya mwaka 1911 iko mtandaoni, bure, na yeyote anaweza kuingia nyumba hadi nyumba ya watu waliokufa bila kubisha hodi. Aimable aliwapita McKinney waliojaa mno, akawapita waliokuwa wachache mno, hadi akapata kaya moja ya wakulima wenye watoto watano na nafasi ya wa sita. Akamsukuma kidogo binti yao Bridget, akampachika Thomas, babu yake Ridhwan, kando ya dada zake. Hakuna aliyelalamika.

Lakini sensa ile ina umri tu, haina siku za kuzaliwa. Mteja wa kulipa Corolla hawezi kupewa babu asiye na siku ya kuzaliwa. Aimable akachemsha karatasi kwenye chai ya rangi, akaianika dirishani, akaandika juu kwa mwandiko wa kupinda-pinda: Kumbukumbu ya Familia. Kisha akajaza tarehe. Baba, tarehe moja Januari. Mama, tarehe moja Januari. Thomas, tarehe moja Januari. Bridget na wote waliobaki, hivyohivyo, kila mmoja na mwaka wake.

Msomaji ambaye hajapita kambini huenda anashangaa. Mkimbizi asiyejua siku aliyozaliwa, karani humwandikia tarehe moja Januari, mambo yaende. Aimable amezaliwa tarehe moja Januari. Merveille naye. Papa Wilondja na mkewe, wachungaji wawili na nusu ya kwaya. Kanisani kwao keki ya siku ya kuzaliwa ni moja kwa mwaka, na huletwa kwa pikapu. Kwa Aimable, karatasi rasmi yenye tarehe nyingine yoyote ndiyo ilionekana ya kughushi.

Siku ya kukabidhi, dalali alisema tumbo linamuuma, akabaki Euless. Aimable akaenda peke yake.

Ridhwan alisoma ukoo wake huku machozi yakimtoka. "Thomas," alisema. "Babu yangu Toma." Alikuwa ameshika ufunguo wa Corolla mkono wa kulia, tayari kabisa, Bimdogo alipoingia kutoka zamu hospitalini, bado na sare. Akaichukua karatasi. Akaipitisha kidole mstari kwa mstari, akarudia juu, akashuka tena.

"Huyu mama," alisema, "alikuwa akizaa kwa kalenda?"

"Watu wa zamani, mama," Aimable akajibu, "walikuwa na nidhamu."

"Kweli. Nawe mwanangu, wazaliwa lini?"

"Tarehe moja Januari." Jibu lilitoka kabla akili haijavaa viatu.

Bimdogo akatikisa kichwa taratibu, kama anapoambiwa presha ya mgonjwa. "Hongera," alisema, akamwita mumewe jikoni.

Aimable alisikia bomba likifunguliwa, basi. Maneno yaliyosemwa nyuma ya bomba lile yalijulikana baadaye: "Ridhwan, n'naandikisha wagonjwa miaka yote hii. Hawa si watu wa Ireland. Hawa ni watu wa Uvira."

Ridhwan alirudi na tabasamu pana. Ufunguo wa Corolla haukuonekana tena.

"Ndugu yangu. Kazi kubwa hivi, Corolla ni kukutusi. Twende nje."

Nje palikuwa na van nyeusi ya watu wanane, viti vya ngozi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ndani yake vilining'inia vile vimiti vya manukato, msitu mzima.

"Mbona inanukia hivi?"

"Hiyo ni heshima, babangu."

Aimable aliondoka akicheka. Alicheka kuanzia Pearland, akaipita Huntsville anacheka, na alipofika Euless mbavu zilikuwa zinamuuma. Mtu ametoa kijikaratasi cha chai, amepata basi dogo.

Jumapili akampitia Papa Wilondja na Merveille kwenda kanisani. Papa alikaa mbele, suti ya kahawia, Biblia magotini, uso wake tayari ukilainika. Kwenye kona ya kwanza mlango ukasema chwaa. Kona ya pili ukajibu wa upande wa pili.

"Aimable," alisema Papa, ambaye alikulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, "tuko ndani ya motokari ao ndani ya mutumbwi?"

"Ni mafuta, Papa."

Akawasha kipoza hewa. Ikaja harufu ya tope, tope la kale, ikavishinda vimiti vyote. Redio ikashikwa na kwikwi. Katikati ya barabara kuu van ikapumua mara moja, ikanyamaza, wakasukumwa na bahati hadi pembeni. Papa akafungua kidroo cha mbele atafute karatasi za gari. Maji yakamwagika juu ya viatu vyake, na pamoja nayo samaki mmoja mdogo.

Houston mafuriko yakija magari huzama, na mengine hufufuka yakiwa na bei.

Papa alimtazama samaki. "Hii gari ilishabatizwa," alisema. "Na si ya kunyunyiziwa. Ya kuzamisha kabisa."

Merveille aliangalia dirishani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokimeza. Ndipo Aimable akafanya alichoapa hatakifanya tena. Akapiga simu kuomba lifti.

Dalali alifika upesi mno, katika Corolla nyeupe isiyokohoa.

"Hii umeitoa wapi?" aliuliza Aimable.

"Kwa Ridhwan. Nilifikiriwa."

Aimable alikaa nyuma, koti lake magotini. Kabla ya kufika kanisani alikuwa ameshacheka vichekesho viwili vya dereva.

Hapo hadithi imekwisha, na ingebaki imekwisha kama Merveille, ambaye mwezi ujao Papa Wilondja ananipa kwa roho safi, asingekuwa anasoma juu ya bega langu.

"Lenny," anasema.

"Naam, mpenzi."

"Umeandika Bimdogo aliona zile tarehe yeye mwenyewe."

"Mwanamke mwerevu sana."

"Mama Bimdogo aliniambia kuko mutu alimupigia simu ile asubuhi. Akamwambia, mama, angalia tarehe. Mutu mwenye tumbo ilikuwa inamuuma."

Nimemweleza kwamba msimuliaji hawezi kuweka kila kitu, kurasa ni chache. Ameinuka. Ufunguo ulikuwa hapa mezani kando ya kalamu, na sasa naona kalamu tu. Nje nasikia Corolla inawaka. Inawaka vizuri sana. Haina maji hata tone.