Jinzi Yangu Haijawahi Kuua Mtu

Ndugu Mhariri,
Jarida la Klabu ya Wavuvi wa Kona ya Mierezi,
Michigan.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye miguu mikavu. Mimi ni yuleyule Gerrit Vandenbosch niliyeongoza msafara wenu wa Mwaka Mpya kwa miaka ishirini na sita, wa kwanza kuingia mtoni na wa kwanza kurusha ndoano, nyinyi mkisubiri ukingoni na kahawa zenu. Wiki iliyopita kamati ilimpa nafasi hiyo Bi Trudy Hoeksema, muuguzi mstaafu, kwa sababu ya nguo zangu za ndani. Naomba nirudishiwe. Hoja zangu ni hizi:

1. Makala ya Bi Trudy mliyoichapisha Novemba. Anasema chini ya suruali ya mpira ya kuvulia mtu avae fulana nyembamba ya sufu iguse ngozi, juu yake sweta laini la kutunza joto, na pamba asiiguse kabisa, eti inanyonya jasho na kubaki mbichi. Kurasa mbili, na mchoro, za kumfundisha mtu mzima kuvaa! Baba yangu alivaa jinzi, pamba tupu, chini ya mpira maisha yake yote, akafia kitandani.

2. Soksi. Bi Trudy anadai jozi mbili zatosha, na buti iache nafasi ya vidole kuchezacheza. Vicheze nini, ngoma? Mimi nilivaa jozi tano. Buti ziliingia kwa msaada wa watu wawili na nyundo. Sasa, mwenye jozi tano akaganda, mwenye mbili akawa anapiga mluzi. Hapo soksi zina kosa gani? Kosa ni la mto, unaopendelea watu.

3. Tukio lenyewe la Mwaka Mpya huu, nilipoganda miguu katikati ya mto, limetiwa chumvi. Ni kweli Bi Trudy alinivuta hadi ukingoni, akakata kamba za buti kwa kisu cha samaki na kunivua jinzi nyuma ya pikapu, mbele ya wanachama kumi na mmoja waliokuwa wakila mchuzi wa maharage. "Gerrit wee, inua mguu," akasema. Nikamwambia nimeshauinua. "Hujainua kitu, babu wee, umesimama kama nguzo!" Dale Pruitt, mwenyekiti wenu, alicheka hadi akamwaga bakuli. Si kweli kwamba nililia. Upepo ulikuwa wa kaskazini.

4. Kamati imeamua kila mwanachama akaguliwe kabla ya kuingia majini. Hongereni. Leo fulana, kesho mtafunua chupi, na keshokutwa mtawavalisha samaki, maana nao wako humo tangu baridi ianze Oktoba bila hata tabaka moja na sijaona makala ya kuwaonya. Nadai makala ifutwe, Bi Trudy aiombe pamba radhi, na kondoo wapigwe marufuku kukaribia mto kwa hatua mia.

5. Nafasi yangu. Hii ndiyo inayoniuma, nasema wazi. Mtu wa miaka sabini na miwili hana mambo mengi yaliyobaki ya kuwa wa kwanza. Mmeninyang'anya hilo moja kwa ajili ya suruali.

Nisalimie kamati nzima, mkeo, na hata huyo Dale, nikitumaini bakuli lake limepona.

Ni mimi mwanachama wenu, mkavu kwa sasa,
Gerrit Vandenbosch

Tanbihi: Baada ya kunivua jinzi, Trudy alinivisha fulana na suruali ya sufu alizozitoa kwenye mfuko garini mwake. Zilikuwa za marehemu Earl, mumewe, aliyevua hatua moja nyuma yangu miaka thelathini huku nikimcheka kwa sufu hizohizo. Nikamuuliza kwa nini anatembea nazo. "Earl aliniambia ipo siku utazihitaji, kichwa ngumu wewe. Huu ni mwaka wa tatu nazibeba." Ndipo nilipolia, na upepo ulikuwa umeshatulia. Ninazo mwilini hata sasa ninapoandika, zinanienea. Usiichapishe barua hii. Mwambie Trudy aingie wa kwanza. Nitamfuata nyuma, mahali Earl alipokuwa akisimama, na soksi jozi mbili.