Shawa Pana Kuliko ya Mwanyumba

Jumatatu, 6 Oktoba

Bafu limekamilika! Yaani, karibu likamilike. Vigae vimekauka, sinki limekaa sawa, mlango unafungwa bila kupigwa teke. Kilichobaki ni kichwa cha shawa. Kwa sasa kuna bomba tupu linachungulia ukutani, fundi bomba amelifunga mfuko wa nailoni. Sisi tunaogea uani kwa ndoo na kopo, kama watu wanaoosha gari. Aibu.

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Jambo zito. Mara ya mwisho alipooga hapa, kichwa cha shawa kilichomoka kikamwangukia utosini, naye amejaa povu mwili mzima. (Kilifungwa na fundi huyu huyu. Bahati mbaya tu.) Aliondoka siku ile ile, povu bado liko sikioni, akasema hataoga tena katika nyumba hii. Tangu hapo kila akija hulala kwa mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu, mtu wa majivuno na shawa pana. Mke wangu halalamiki, lakini namwona anavyobaki ameishika simu baada ya mama yake kukata. Safari hii mama amekubali kujaribu. Akioga salama, anakaa mwezi mzima. Asipooga salama, basi tena.

Mke wangu ameagiza ninunue kile kidogo cha kushika mkononi, chenye mpira mrefu, mama aoge huku amekaa kwenye kigoda. Nimeitikia. Kidogo! Mwanyumba aje kuona kidogo! Hapana. Nitachagua mwenyewe, kimya kimya, kitaalamu.

Jumanne, 7 Oktoba

Dukani. Vichwa vya shawa vimepangwa ukutani, vyote vikavu. Nikaomba wavifungulie maji. Muuzaji akasema hili ni duka, si bafu. Basi nikasimama chini ya kimoja baada ya kingine, macho nimefumba, uso nimeinua, nikijaribu kuhisi. Mteja mmoja akavua kofia, akidhani nasali.

Nimegundua jambo kubwa: shawa huwezi kuijua mpaka uiogee. Basi nitaoga. Nitaoga kila mahali!

Nimeanza kwa jirani, yule tunayemwita Kipaza kwa sababu siri ikimfikia hailali. Nikamwambia kwetu bafu bado. Kweli tupu. Shawa yake ina mitindo mingi ya kumwaga maji, ila imekwama kwenye ule unaochoma. Nimetoka mgongo unawaka. Pembeni mle nikaona ndoo na kopo. Masikini, kuna watu bado wanaishi zamani. Nimefika nyumbani nikakuta taulo lake bado liko shingoni mwangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi nimeogea kwa mtunza stoo wa ofisini kwetu. Shawa yake inamwaga maji upande, inaosha mlango vizuri sana. Ndoo na kopo pembeni. Mchana kwa kinyozi wangu, anayeishi nyuma ya kibanda chake. Maji yakakatika nikiwa na sabuni machoni. Ndoo na kopo lake viliniokoa, lakini hilo halihusiani na utafiti.

Jioni, kwa mwanyumba! Nikajifanya napita tu, na taulo nimelificha ndani ya shati. Loo! Maji yanashuka yote kwa pamoja, mazito, taratibu. Mabega yakalegea. Nilikaribia kulia. Mwanyumba alikuwa amesimama nje ya mlango, ananiuliza naionaje. Nikamjibu ni ya kawaida. Nikaipima kwa kiganja: shubiri moja. Yangu itakuwa mbili.

Kitu kimoja kimenishangaza. Hata yeye ana ndoo na kopo pembeni, na vyote vimelowa. Mtu mzima mwenye shawa kama ile, bado anafuga ndoo!

Niliporudi mke wangu alininusa. Akauliza hiyo ni sabuni gani. Nikasema ni sabuni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa. Mke wangu ameunganisha mambo. Nyumbani bafu hakuna, mume anarudi amejaa usafi, na kila siku ana harufu mpya. Akauliza natokea wapi. Utafiti ni siri, kwa hiyo nikasema ni jasho la kazi tu. Akauliza tangu lini jasho langu linanukia waridi. Mto wangu umehamishiwa sebuleni, kwenye kochi fupi. Imeniuma, nakiri. Lakini Jumamosi akiiona shawa atanielewa, na pengine ataomba radhi.

Nimenunua! Shubiri mbili kamili. Inang'aa, naweza kujinyoa nikijitazama ndani yake. Muuzaji amesema imening'inia pale tangu afungue duka. Akaniita bosi. Akamwita na mkewe atoke nyuma aje kuniona. Sijawahi kuheshimiwa vile. Nimempigia simu fundi bomba, nikamuuliza kama itafungika. Akasema haina shida.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mke kazini. Fundi akafunga. Nikasimama kifua mbele, nikafungua maji. Likatoka tone, kwenye tundu la katikati. Tukasubiri. Likatoka lingine.

Fundi akakuna kichwa, akasema tangi letu liko chini mno, limekaa paani hapo hapo juu ya bafu, maji hayana nguvu ya kujaza shawa pana hivi. Kile kidogo cha mkononi kingetoa vizuri tu. Nikauliza mbona hakusema jana. Akasema jana nilimuuliza kama itafungika, na si hiyo imefungika?

Dawa ni moja: tangi lipande. Lipande juu ya nini? Hapo nikapata wazo bora kuliko yote maishani mwangu. Meza ya chakula! Mbao ngumu, imetubeba miaka yote. Kipaza akasukuma, fundi akavuta, mimi nikaelekeza. Meza ikapanda paani, tangi likapanda mezani, tukalijaza. Nikauliza kama miguu itahimili. Fundi akasema haina shida. Nikafungua shawa. Mvua! Si ya masika, lakini mvua! Nikacheza chini yake na viatu vyangu.

Jioni mke wangu akauliza meza iko wapi. Nikasema imekwenda kupigwa msasa. Tumekula sahani zikiwa mapajani. Hakuniangalia hata mara moja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama mkwe ameletwa na mwanyumba, kwa gari lake, mwanyumba anataka kuiona shawa kwa macho yake. Nikampeleka mama mpaka mlango wa bafu, nikamwonyesha pa kufungulia. Akaniangalia, akaiangalia shawa, akajishika utosi. Akaingia.

Maji yakaanza kushuka. Mke wangu alisimama ukumbini akisikiliza, vidole amevikunja. Maji yakaendelea kushuka. Akanitupia jicho, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano halikuwa baya. Nimeshinda! Nilishinda, yaani, kwa muda mfupi.

Mwanyumba yuko nje, anakagua paa. Akauliza kwa sauti ya mtaa mzima ni kwa nini tangi langu limekaribishwa mezani. Hapo hapo mguu mmoja wa meza ukakatika. Tangi likalala ubavu, likafunguka, maji yote yakashuka kwa mkupuo juu ya mwanyumba, na shati, na viatu vya ngozi. Hata yeye hajawahi kuogea shawa pana vile.

Bafuni nako shawa ikakauka. Kisha sauti ya mama mkwe kutoka bafuni. Amejaa povu. Tena!

 Mke wangu akakimbilia uani, akachukua ile ndoo na kopo, akachota maji kwenye pipa la jikoni, akachanganya na ya birika, akaingia navyo bafuni pamoja na kigoda. Mimi nikakaa chini ukumbini. Nilijua mama anaondoka, na hofu ikanishika kwamba huenda mke naye akaondoka.

Mara Kipaza huyo mlangoni, anadai taulo lake nililoondoka nalo Jumanne nilipooga kwake. Mwanyumba, bado anatiririka, akashangaa: mbona Jumatano nilioga kwake pia? Mke wangu aliyekuwa anatoka bafuni akasimama. Akauliza kama siku zote hizi nilikuwa naoga tu. Nikasema naoga tu, nachagua shawa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni kando yangu, machozi yanamtoka. Siku tatu tu, lakini nilikuwa nimemkumbuka sana.

Mama mkwe akatoka baada ya muda mrefu, uso unang'aa. Akasema ameoga akatakata. Kumbe hata kwa mwanyumba huogea ndoo, maana ile shawa inamjaza maji masikioni. Mwanyumba akatazama viatu vyake, akakiri kwamba naye huogea ndoo. Shawa ni ya wageni. Mama akasema anabaki mwezi mzima, mradi apewe ndoo ile, kopo lile na kigoda kile, na mimi nisiguse kitu.

Jumapili, 12 Oktoba

Amani. Mto wangu umerudi chumbani. Meza imerudi chini, mguu mmoja ni matofali. Shawa yangu iko jikoni, mke wangu anachujia mboga. Mama mkwe ameoga asubuhi na mapema, na alikuwa anaimba humo ndani. Mke wangu akasimama nje ya mlango kumsikiliza, kikombe mkononi, mpaka chai ikapoa.

Nimetafakari sana, na funzo nimelipata. Shawa haikuwa na kosa lolote. Tatizo ni ndoo! Mama wa watu anainama, anachota, anajimwagia, anainama tena, kwa umri ule. Kumbe ndoo ikiwekwa juu, ikatobolewa matundu chini, hakuna haja ya tangi wala presha. Na mwanyumba hana!

Nimeazima mashine ya kutobolea kwa Kipaza, nikamsihi atunze siri. Wanawake wametoka kwenda sokoni. Ndoo imetobolewa vizuri mno. Fundi bomba amepigilia ndoano darini, juu ya kigoda hasa, pale pale mama anapokaa. Nimemuuliza kama itahimili ndoo ikijaa.

Amesema haina shida.